Mama Akisema, Aitwa Mkomunisti

Ndugu wafanyakazi wa machimbo, ndugu wa Mutshatsha na wa Kolwezi,

Tumesikia wanaume wakisema mkutanoni kwamba siasa si kazi ya mwanamke. Mama akisimama kuuliza bei ya unga, huitwa mkomunisti ili anyamaze. Neno hilo ni la zamani, nasi tunajua lilikotoka.

Mwaka 1960 Bibi Andrée Blouin, mzaliwa wa Ubangi-Shari, alizunguka Kwilu pamoja na ndugu Gizenga na Mulele wa chama cha PSA, akiwakusanya akina mama. Mtoto wake mdogo alikuwa amekufa kwa malaria katika nchi iliyotawaliwa na Wafaransa. Alinyimwa kinini, maana dawa ile ilikuwa ya Wazungu, na mtoto alikuwa na damu ya Kiafrika. Mama huyu alifundisha nini? Kusoma na kuandika, usafi, kuacha ulevi, kumtetea mwanamke aliyeachwa na watoto. Wakoloni wakamwita mkomunisti, na mwaka ule ule akafukuzwa Kongo. Mwenyewe alikana, akasema yeye ni mzalendo wa Afrika.

Na yule aliyekuwa mkomunisti kweli? Bibi Claudia Jones, mzaliwa wa Trinidad, hakulificha jina lake. Mwaka 1949, huko Marekani, aliandika kwamba mwanamke mweusi huonewa mara tatu: kwa kuwa mfanyakazi, kwa kuwa mweusi, kwa kuwa mwanamke. Akiamka yeye, taifa lake lote hupata nguvu. Mwaka 1955 alifungwa, kisha akafukuzwa Marekani. Alifika London, na mwaka 1958 akaanzisha gazeti.

Sasa tuangalie kwetu. Kandokando ya Kolwezi akina mama huosha mawe ya shaba na kobalti, miguu majini, mtoto mgongoni, kwa malipo madogo. Shimoni hawaruhusiwi, husemwa mwanamke hufukuza madini. Mbona mawe aliyoyaosha yeye hayakimbii yakifika kwa mnunuzi?

Ndugu, hatumwambii mtu awe mkomunisti. Tunadai mambo mawili. Kila kamati ya wachimbaji iwe na akina mama waoshaji, wenye sauti na kura. Tena mzani uwekwe mbele ya macho yao.

Anayeogopa sauti ya mama anaogopa hesabu. Wewe baba, ukirudi nyumbani leo, muulize mama wa watoto anasema nini, kisha mje mkutanoni wote wawili.