Kwaresima: unaacha nini, na anafaidika nani?

Jumatano ya Majivu ikikaribia, swali huwa ni lile lile ofisini, kwenye matatu, hata kwenye foleni ya chakula cha mchana: "Wewe mwaka huu unaacha nini?" Majibu nayo ni yale yale. Soda. Nyama. Pombe. Mandazi (huyu wa mandazi namhurumia kweli).

Sina ugomvi na soda, ila naona wengi wetu tunachagua huku tukiangalia kiuno. Kanisa liliweka mambo matatu pamoja: sala, kufunga na sadaka. Ukiacha soda siku 40 kisha zile pesa ukanunua bando, umehamisha matumizi tu. Kinachoachwa kinafaa kiache nafasi, na nafasi hiyo apewe mtu.

Mimi naacha kuperuzi simu kuanzia saa 3 usiku. Siachi simu yote: mama akipiga nitapokea, na seva ya mteja ikizimika nitaamka kama kawaida. Kinachoondoka ni ule mtiririko wa picha na video. Kazi yangu ni kutengeneza programu, kwa hivyo najua kwa nini hauishi. Zamani ukurasa wa tovuti ulikuwa na mwisho. Pale chini ulikuta 1, 2, 3, na ilibidi ubonyeze ndipo uendelee. Mwaka 2006 Aza Raskin alibuni njia ya kuleta vitu vipya kabla hujafika chini. Miaka baadaye alisema hadharani kwamba anajutia. Pale pa kubonyeza ndipo mtu alipojiuliza kama ametosheka. Sasa hakuna anayekuuliza.

Ndiyo maana siamini ahadi ya "nitapunguza simu". Kompyuta ingelikataa sharti kama hilo. Kupunguza hadi wapi? Sharti zuri hujibiwa ndiyo au hapana: saa 3 imefika, simu iko sebuleni kwenye chaji, au haiko. Na msidhani haya ni mambo ya vijana wa kompyuta peke yao. Jumatano ya Majivu ya tarehe 26 Februari 2020, Papa Francis aliwahimiza waumini waachane na simu na kuungana na Injili.

Sasa hesabu. Saa 2 kila usiku kwa siku 40 ni saa 80. Mdogo wangu yuko kidato cha nne, KCSE inamngoja, na trigonometria inamtesa. Nusu ya saa hizo ni zake, mezani, na kitabu na kalamu. Zinazobaki ni za sala na usingizi, na sioni haya kutaja usingizi. Jumapili hazimo katika zile 40, maana kuanzia Majivu hadi Jumamosi Kuu ni siku 46. Nilipomweleza hivyo, aliniambia Jumapili pia ana maswali.