Usikubali Wafomati Laptopu Yako Juu ya Diski Kujaa

Wasee, hii maneno nitaisema wazi. Laptopu yako ya Ubuntu ikikataa kukuingiza, na fundi akuambie dawa ni kuifomati, muulize swali moja kwanza: "Umeangalia kama diski imejaa?" Akianza kuzungukazunguka, chukua mashine yako uende.

Dalili ni hizi. Unaandika nenosiri, liko sawa kabisa, skrini inakuwa nyeusi kidogo, halafu unarudishwa palepale mlangoni. Ungekuwa umekosea nenosiri ungeambiwa. Hapa huambiwi kitu. Wengi wanasema ni virusi, ama diski imekufa. Lakini mara nyingi ni kitu rahisi tu: nafasi imeisha. Ukiingia, Linux lazima iandike vijifaili fulani ndio ikufungulie desktopu. Ikikosa pa kuandika, inakutoa nje.

Na wanaojaza ni sisi. Laptopu nyingi tunazonunua tao ni ex-UK, diski ndogo ya GB 128 ama 256. Ongeza video za simu, miradi ya kuediti, na zile faili za muda ambazo Kdenlive inaweka ndani ya folda iliyofichwa ya .cache. Eti ulifuta? Ukifuta kwa kubonyeza Delete, faili inaenda kwa Takataka, na Takataka iko kwa diski hiyohiyo.

Njia ya kuingia bado iko. Bonyeza Ctrl+Alt+F3. Itakuja skrini nyeusi ya maandishi. Andika jina lako la kuingilia, kisha nenosiri. Halitaonekana ukiliandika, hata nyota, usishtuke. Halafu andika:

df -h

Tafuta mstari unaoishia na / peke yake. Ukiona 100%, mchawi umempata. Anza na takataka ambazo hazina uchungu:

sudo apt clean
sudo journalctl --vacuum-size=100M

Ya kwanza inafuta vifurushi vya programu vilivyopakuliwa na kuachwa hapo. Ya pili inapunguza rekodi za mfumo. Sasa ona ni folda gani yako inakula zaidi:

du -h --max-depth=1 ~ | sort -h

Zile kubwa zinakaa chini. Futa unachokijua. Kitu hujui kazi yake, hasa nje ya folda yako, wachana nacho. Ukipata nafasi, andika sudo reboot, ujaribu kuingia tena.

Na unajua kwa nini sudo bado inafanya kazi diski ikiwa imejaa? Mfumo wa faili wa ext4 kwa kawaida humwekea msimamizi asilimia 5 ya nafasi, ndio siku kama hii asikose pa kusimama. Waliouunda walijua utajaza.

Siwaiti mafundi wezi. Kufomati ni haraka, na mteja anataka mashine inawaka kufika jioni. Lakini kinachopotea si chake. Ni picha za shosho, CV, proposal ya miezi mitatu, video hujapandisha bado. Mimi niliacha chuo, na haya yote hayahitaji digrii. Yanahitaji mtu asome skrini dakika kumi kabla ya kufuta maisha ya mtu.

Pengine diski yako ina nafasi na bado umekwama. Sawa, hapo tatizo ni lingine, na fundi ana kazi yake. Lakini hata kama ni lazima aweke mfumo upya, mwambie kwanza awashe mashine kwa flashi yenye Ubuntu, anakili faili zako kwa diski ya nje, na wewe uzifungue uone ziko. Fundi mzuri hatakasirika ukisema hivyo.

Leo kabla hujalala, andika df -h. Ukiona imefika 90%, anza kupunguza usiku huuhuu.