Sahihi ya miaka 50

Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar aliikabidhi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala wa pwani na ukusanyaji wa ushuru wa forodha kwa miaka 50, kwa jina lake. Jina ndilo alilobakiwa nalo. Agosti hiyohiyo bendera ya kampuni ilipanda Pangani na watu wakainuka na Abushiri bin Salim. Desemba 1889 Abushiri alinyongwa. Mwaka uliofuata Ujerumani ililipa marki milioni 4, ikaimiliki pwani yenyewe.

Usambara haikuulizwa. Semboja, mwana wa mfalme wake Kimweri ye Nyumbai, alikuwa ameteremka Mazinde kushika njia ya misafara, na misafara ile ilitazama Pangani. Aliyeshika forodha ya Pangani alimshika na Semboja kooni. Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga Mputa, mtawala wa Vugha. Lushoto ikaitwa Wilhelmstal.

Tusimwonee Khalifa. Manowari za Kijerumani zilikwisha kuonekana mbele ya Zanzibar mwaka 1885, na mwenye kubanwa husaini. Wala kumtuma mtu akupatanie bei si kosa. Mkulima wa Soni humtuma dalali na karoti zake Kariakoo, huku akijua fika kwamba ataibiwa kidogo. Lakini wiki ijayo anaweza kumwacha. Khalifa alifunga miaka 50 bila kujiachia mlango wa kurudi.

Leo Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba. Mwaka 2016 Tanzania ilikataa kusaini mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya, ingawa Kenya na Rwanda zilisaini. Ulikuwa uamuzi wa watu waliosoma walichoandikiwa.

Hata hivyo kuridhia huja mwisho, maneno yakiwa yameshakauka, na mbunge hawezi tena kuyaandika upya. Hilo halitoshi. Wabunge wa Lushoto, Mlalo na Bumbuli wanapaswa kudai hadidu za rejea za wajumbe wetu wa majadiliano ya mikataba kabla hawajapanda ndege: wametumwa kuuza nini, wamekatazwa kuachia nini, na nani anaweza kuwaita warudi. Mbunge asiyeuliza hayo mapema asije Soni kutueleza baadaye kwamba mkataba ulikuwa mgumu.