Simu Imejaa? Usikimbilie Kufuta Barua Zenye Sahihi

Ndugu mkulima, ndugu mfanyabiashara, simu ikiandika kuwa nafasi imejaa, wengi wetu tunafuta picha za zamani bila kuangalia. Humo humo ndimo ilimo barua ya mpaka wa shamba, makubaliano ya mauziano na stakabadhi ya korosho. Siku jirani akisogeza mpaka, utatafuta nini?

Mimi naona tatizo si wingi wa barua. Tatizo ni kwamba tunazitunza zote kwa uzito mmoja.

Barua ya ukurasa mmoja yenye maneno matupu huchukua kilobaiti chache tu. Ofisi ikibandika ndani yake picha kubwa ya sahihi na mhuri, inapanda hadi megabaiti. Ukiipiga picha ya MB 4, basi GB 1 inabeba barua 256 tu. Ukiiskani kwa simu ikawa PDF ya KB 300, GB hiyo hiyo inabeba zaidi ya 3,000, na sahihi inasomeka vilevile.

Kwa hiyo zigawe mafungu matatu:

1. Za kudumu: hati ya hakimiliki ya kimila, mauziano ya shamba, muhtasari wa kikao cha mpaka. Ziskani kwa rangi ili wino wa mhuri uonekane. Zipe jina, mfano "Mauziano Zinga 2024". Nakala moja iweke kwenye barua pepe, nyingine kwa mtoto au ndugu unayemwamini.

2. Za msimu: stakabadhi za mazao, vibali vya kusafirisha, madeni ya pembejeo. Zikae mpaka ulipwe na hesabu zifungwe.

3. Za taarifa: mwito wa mkutano, ratiba ya chanjo ya kuku. Tarehe ikipita, andika mstari mmoja kwenye daftari, kisha futa.

Lakini picha isikufanye uitupe karatasi. Hati ya kimila hutolewa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na penye mgogoro utaulizwa karatasi yenyewe kwanza. Ni kweli Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua saini ya kielektroniki. Ila picha ya sahihi iliyobandikwa kwenye barua, kijana yeyote mwenye simu anaweza kuikata na kuibandika kwingine.

Hapo nina neno kwa watendaji wetu wa vijiji: tangazo la mkutano halihitaji picha ya sahihi, jina na cheo vinatosha. Barua ya ardhi nayo itiwe sahihi kwa mkono, kwa kalamu. Tutaokoa nafasi, na tutawanyima matapeli mtaji.

Huku kwetu pwani adui wa karatasi ni unyevu na mchwa. Iweke kwenye mfuko wa plastiki, ndani ya sanduku lililoinuliwa kutoka sakafuni. Karatasi ikitunzwa hudumu: nyaraka za utawala wa Mjerumani, uliokuwa na makao yake Bagamoyo kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891, zipo hadi leo katika Nyaraka za Taifa.

Jioni ya leo, kabla hujafuta kitu, fungua picha zako na utoe kwanza zile za fungu la kwanza. Shamba ni la wajukuu, simu ni ya miaka miwili mitatu.