Sukari katika Chai ya Askari

Daktari amwambiapo askari aache sukari, vita huanzia jikoni kwa mkewe. Atokapo lindo la usiku hungoja chai tamu, naye mke huona haya kumpa isiyo na sukari. Haya hiyo ina historia yake. Hapa Uganda, baada ya mwaka 1972, viwanda vya Kakira na Lugazi vilidhoofika, sukari ikatafutwa kwa foleni na kwa magendo. Aliyelelewa miaka hiyo huhesabu sukari kuwa heshima. Mgeni asipotiliwa, hudhani hakupendwa.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kutiwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu ya chakula, yaani yapata vijiko 12 vya chai kwa siku kwa mtu mzima. Chini ya 6 ni bora zaidi. Vikombe vitatu vya vijiko vinne vinne vimemaliza hesabu, na soda bado haijafunguliwa. Wanaokimbilia asali au sukari guru wajue kwamba nazo zimo katika hesabu ile ile.

Mama mwenye busara hapigi marufuku, kwani amri ya namna hiyo huvunjwa kantini. Hupunguza nusu kijiko kila juma, akazidisha tangawizi au mchaichai, na bakuli la sukari huliweka mezani mgeni ajitilie apendavyo. Manung'uniko ya majuma ya kwanza hayaepukiki. Ulimi huzoea polepole, mara nyingi baada ya ugomvi mmoja au miwili.