Kiingereza cha Somo na Kiingereza cha Kufundishia: Hali ya Mwanafunzi wa Matongo

Mjadala kuhusu lugha ya kufundishia katika shule za sekondari nchini Tanzania aghalabu huendeshwa kana kwamba mwanafunzi anayejadiliwa ana lugha mbili tu. Katika kata ya Matongo, wilayani Tarime, dhana hiyo haisimami. Watoto wengi wa huko huanza na Kikuria nyumbani, hufundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi, na wafikapo kidato cha kwanza hutakiwa kujifunza baiolojia, jiografia na historia kwa lugha ya tatu, lugha ambayo bado wanafundishwa nyakati za vitenzi vyake katika kipindi cha Kiingereza.

Historia ya jambo hili inajulikana. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za umma mwaka 1967, na mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ikapendekeza kipandishwe hadi sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walithibitisha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari kilikuwa hafifu mno kiasi cha kutofaa kufundishia, kisha, kwa mantiki ambayo hadi leo ni vigumu kuielewa, wakashauri kiendelee kufundishia. Sera ya 1995 ilikibakiza. Ile ya 2014 ilikifungulia Kiswahili mlango wa ngazi zote. Toleo lake la mwaka 2023 limerejesha sekondari mahali ilipokuwa.

Wanaotetea hali iliyopo hudai kuwa mwanafunzi huimudu lugha kwa kuzungukwa nayo. Dai hilo lingekuwa na uzito iwapo mwanafunzi wa Matongo angezungukwa na Kiingereza. Anachokisikia darasani, kwa hakika, ni sentensi chache za Kiingereza zilizonakiliwa ubaoni, zikifuatiwa na maelezo ya Kiswahili yanayotolewa kwa sauti ya chini pindi mwalimu aonapo nyuso zimeduwaa. Mwanafunzi hukariri sentensi hizo na kuzirudisha katika mtihani. Mtahiniwa asiyelielewa swali la baiolojia huhesabiwa kuwa haijui baiolojia.

Hata ndani ya somo la Kiingereza lenyewe, lugha ya kwanza ya mwanafunzi husahauliwa. Kikuria hakipambanui /l/ na /r/. Mwanafunzi anayezichanganya sauti hizo huchekwa, ilhali kosa lake lina kanuni na lingeweza kufundishwa. Kwa upande mwingine, Kikuria kina irabu saba, zikiwamo mbili za aina ya /e/ na mbili za aina ya /o/, wakati Kiswahili sanifu kina irabu tano tu. Sikio la mtoto wa Kikuria, katika eneo hili la irabu, limekwisha kuzoezwa kupambanua mambo ambayo Kiswahili hakiyadai. Mwalimu aliyefundishwa kulinganisha Kiingereza na Kiswahili peke yake hawezi kuutumia mtaji huo.

Haifai, hata hivyo, kuwabeza wazazi wanaokitaka Kiingereza kwa kudai kwamba wana kasumba. Matongo imepakana na mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002, na huko Kiingereza si pambo. Sheria za nchi ziliandikwa kwa kiasi kikubwa kwa lugha hiyo, na ni mwaka 2021 tu Bunge lilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Mwaka 2013 baadhi ya wakazi wa vijiji jirani na mgodi walifungua shauri katika Mahakama Kuu ya Uingereza, jijini London, kuhusu vifo na majeraha. Lilimalizika kwa maafikiano mwaka 2015. Mtu ambaye haki yake inajadiliwa kwa lugha fulani anayo sababu ya kutaka mwanawe aielewe.

Lakini sababu hiyo ndiyo inayoipinga sera iliyopo. Kiingereza cha kumwezesha kijana kuusoma mkataba na kuuliza maana ya kifungu hakipatikani kwa kukariri sehemu za ua. Hupatikana katika somo la lugha lenye vitabu vya kutosha na mwalimu mwenye umilisi, na somo hilo ndilo linalodhoofishwa linapogeuzwa kuwa mtumwa wa masomo mengine yote. Baiolojia na ifundishwe kwa Kiswahili. Kipindi cha Kiingereza kitakapopata nafasi yake, mwalimu wa Matongo ataweza kukaa juma zima na barua moja ya kudai fidia ya shamba: wanafunzi waisome, waibishanie, waiandike upya, na mwishowe waeleze kwa maneno yao wenyewe mlalamikaji anadai nini na mjibuji amekwepa nini.