"Ukikua unataka kuwa nani?" Swali hili lifutwe

Kuna swali moja ambalo sisi Watanzania tunapenda mno kuwauliza watoto: "Ukikua unataka kuwa nani?" Mimi nasema lifutwe. Limetupotezea vijana wengi kuliko hisabati.

Litazame vizuri. Halimuulizi mtoto anataka kufanya kazi gani. Linamuuliza anataka kuwa NANI. Ni swali la cheo. Ndiyo maana majibu yake hayazidi matano: daktari, mwanasheria, mhandisi, rubani, rais. Panda hadi Nkoaranga, kule juu ya Usa River kwenye miteremko ya Mlima Meru, uliza wanafunzi wa sekondari. Shuka Njiro mjini Arusha, uliza tena. Utapata majibu yaleyale matano.

Na sasa mjini kuna biashara ya semina za "jitambue". Jamaa anavaa suti, anakodi ukumbi wa hoteli, anakutoza kiingilio, kisha anakwambia hujafanikiwa kwa sababu hujijui. Unajaza karatasi ya maswali, unaambiwa wewe ni kiongozi. Jirani yako naye kiongozi. Ukumbi mzima viongozi! Sijasikia hata mmoja aliyetoka huko kaambiwa anafaa kuwa fundi bomba.

Tuelewane. Sipingi mtu kujitathmini. Napinga kuuziwa theluthi ya dawa kwa bei ya dozi nzima. Mmarekani Frank Parsons, aliyeanzisha ofisi ya kuwashauri vijana kuhusu kazi mjini Boston mwaka 1908, aliacha kitabu kilichochapishwa 1909 baada ya kifo chake. Alisema mambo matatu: ujijue mwenyewe, uzijue kazi zilivyo, halafu uyalinganishe hayo mawili kwa akili. Watu wa semina wamechukua la kwanza. Mawili wameyaacha Boston.

Hebu niambie, utajuaje kama unaipenda kazi ambayo hujawahi kuiona ikifanywa?

Pale Nkoaranga kuna hospitali ya Kilutheri. Watoto wengi wa eneo lile wameshaingia humo, ama wakiumwa ama wakimpelekea mgonjwa uji. Waulize wameona kazi ngapi mle ndani. Watakutajia mbili: daktari na nesi. Lakini hospitali haiendeshwi na watu hao peke yao. Inahitaji mtu wa maabara, mfamasia, mtu wa eksirei, mtunza kumbukumbu, mhasibu, fundi umeme, fundi wa vifaa tiba. Kila mmoja ana njia yake ya kufika pale, wengine kwa cheti au stashahada tu. Mtoto hajui. Akikosa maksi za udaktari anadhani mlango wa hospitali umefungwa.

Teremka hadi Tengeru. Kuna soko kubwa la Jumatano na Jumamosi, chuo cha maendeleo ya jamii, chuo cha mifugo, kituo cha utafiti wa kilimo, na Taasisi ya Nelson Mandela. Mwanafunzi anapita na daladala mbele ya mageti hayo miaka minne mfululizo, na hakuna mtu hata mmoja anayemshusha akamwonyesha kinachofanyika ndani.

Wazee wetu siwalaumu. Mpango wa maendeleo wa mwaka 1964 ulilenga nchi ijitosheleze kwa wataalamu ifikapo 1980. Aliyemaliza chuo kikuu enzi hizo alisubiriwa na ofisi. Kwao "kuwa nani" lilikuwa swali lenye majibu. Kwetu? Mwaka 2014 zaidi ya vijana 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa kufanya usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Mwaka 2025 watu zaidi ya 135,000 waliomba nafasi 1,596 za TRA. Hiyo ni zaidi ya watu 84 kwa kiti kimoja.

Najua utanijibu: "Sasa hata nikijijua, kazi ziko wapi?" Hoja nzito, na siikwepi. Kujitathmini hakuzalishi ajira, na yeyote anayemwambia kijana asiye na kazi kwamba kosa ni lake anamtukana. Lakini kuchagua gizani kuna gharama yake. Kuna mama Meru anayeuza ndizi ili mwanawe asome. Kuna mkopo wa Bodi, ambao tangu 2016 unakatwa asilimia 15 ya mshahara. Makato hayaulizi kama uliipenda kozi.

Shule niliyosoma mimi, tathmini yetu ilifanywa na karatasi ya matokeo. Umefaulu fizikia? Nenda sayansi. Umefeli? Nenda sanaa. Kwisha. Machi 2024 Serikali ilitangaza tahasusi mpya 49, jumla zikawa 65. Vizuri. Lakini kumwongezea mtu milango bila kumwambia kila mmoja unaelekea wapi ni kumwongezea kizunguzungu.

Kinachotakiwa hakihitaji wafadhili. Mwalimu awaulize wanafunzi: ni kitu gani mlishawahi kufanya, watu wakarudi kuwaomba mkifanye tena? Kuna binti anayepiga hesabu za mama yake sokoni bila karatasi. Kuna kijana ambaye redio zote za kijiji zinapelekwa kwake. Huo ndio ushahidi, si karatasi ya semina. Kisha awatume, wawili wawili, wakakae siku moja na mtu aliye kazini. Wamuulize: unashinda ukifanya nini? Ulisomea wapi, ada shilingi ngapi? Nini kinakuchosha? Warudi wawasimulie wenzao.

Na wewe uliyesoma, unayesoma haya ukiwa ofisini, usijifanye hayakuhusu. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, mdogo wako atakupigia: "Kaka, nijaze nini?" Usimjibu kwa simu. Mwite aje akae nawe kazini kutwa nzima aone unachofanya, hadi yale yanayokuchosha. Kisha mpeleke kwa rafiki yako mwenye kazi tofauti.

Ukikutana na mtoto leo, muulize: "Unapenda kufanya nini, na umeshakifanya wapi?"

Naomba kutoa hoja.